Suruali ya Inchi Arobaini na Mbili

Mkinicheka nitawaelewa, maana hata mimi nikiwa peke yangu dukani nikikumbuka huwa nasimamisha cherehani najifunika uso kwa kitambaa cha mteja, lakini nawaomba kitu kimoja tu, mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu nimechoka kusikia habari yangu ikisimuliwa na watu wa Ujiji ambao siku yenyewe hata hawakuwepo, wanaongeza chumvi wanavyotaka, wengine wanasema eti nilibaki kama nilivyozaliwa. Uongo mtupu! Shati nilikuwa nalo.

Mimi ni fundi cherehani, jina langu Maulidi, wengi wananiita Baba Shani. Kazi yangu ni ya kukaa. Nakaa tangu asubuhi mpaka jioni, na mguu uliokuwa ukifanya kazi ya kukanyaga pedeli nao tangu nifunge mota umestaafu. Sasa fundi cherehani mnene ana balaa moja ambalo watu wengine hawana: hajui kama ananenepa. Mtu wa kawaida suruali ikimbana anashtuka, anajiuliza, mbona hivi? Mimi ikinibana nafumua mshono wa nyuma, naachia inchi moja, na kama hakuna pa kuachia natia kipande, dakika kumi nimemaliza, navaa natoka zangu kifua mbele. Miaka kumi na tano nimejipanulia suruali bila kumwambia mtu, na kusema kweli hata mwenyewe sikujiambia.

Basi bwana, ikafika wakati kiu haikatiki, usiku nakwenda msalani mara nne, mara tano, na mke wangu (Mama Shani, ambaye dukani ndiye mkata vitambaa na mimi mshonaji, hivyo ndivyo tunavyofanya kazi tangu tuoane) akasema kama siendi kupima yeye hakati tena hata leso. Nikaenda kituo cha afya nikinung'unika njia nzima. Kufika pale nani nimkute kwenye benchi? Yohana. Yohana ni fundi boti pale ufukweni Ujiji, kwao Mwandiga, rafiki yangu tangu ujana, na mwili wake na wangu ni mapacha, nilipokaa pembeni yake benchi lililia na sisi wote tukajifanya hatukusikia.

Aliyetupima ni Nesi Tabitha. Mwanamke mwembamba, sauti ya upole, lakini neno lake likishatoka halirudi. Akatutoboa vidole, akasoma, akaandika. Yohana akaanzishiwa vidonge papo hapo. Mimi nikaambiwa sukari yangu imepanda lakini bado naweza kuiteremsha mwenyewe.

"Nawapa miezi mitatu," akasema. "Chakula na mazoezi. Vyote viwili, kwa pamoja. Mkichukua kimoja mkaacha kingine mtakuwa mnateka maji kwa pakacha. Miezi mitatu ikiisha tunapima damu tena."

Yohana akauliza, "Na macho yangu je, sista?" Maana alikuwa ameanza kuona ukungu. Fundi boti asiyeona vizuri ni hatari, anapiga nyundo kidole, anaacha nafasi kati ya ubao na ubao, boti inaingia ziwani na watu ndani yake.

"Sukari ikishuka, ukungu unaweza kupungua," Nesi Tabitha akamjibu. "Ikikaa juu, ukungu unaweza kubaki moja kwa moja. Macho yako ndiyo sababu nakwambia usiichezee hii miezi mitatu."

Yohana akaitikia kwa kichwa. Mimi pia nikaitikia, tena kwa nguvu kumzidi.

Tukawekwa kwenye kikundi. Kila Jumamosi asubuhi watu kama ishirini tunakutana pale kituoni, tunatembea mpaka ziwani na kurudi, na siku nyingine kila mtu atembee kivyake. Chakula tukaelekezwa: nusu ya sahani iwe mboga za majani, ugali usizidi ngumi yako, samaki wa kuchoma au kuchemsha, mawese kwa kijiko na siyo kwa upawa, chai bila sukari. Na kila Jumamosi tupimwe kiuno, kwa sababu Nesi alisema mafuta ya tumboni ndiyo yenye matata kuliko yote. Sasa nani atapima viuno? Watu wote wakageuka wakanitazama mimi, na futi kamba yangu ikining'inia shingoni kama kawaida. Ikakubaliwa: Mama Shani atapima wanawake, mimi wanaume, tunataja namba kwa sauti, Nesi anaandika kwenye daftari.

Na mpimaji anapimwa na nani? Hilo hakuna aliyeliuliza. Nikajipima mwenyewe. Siku ya kwanza, kwa haki ya Mungu, nilisema kweli: arobaini na saba.

Sasa nisikilizeni akili niliyoitumia. Mimi nikasema moyoni, kutembea nitatembea, sina ugomvi na kutembea, lakini chakula kimenikosea nini? Nyumbani Mama Shani alifuata maelekezo yote, ngumi ya ugali, mlima wa matembele, kipande cha samaki mgebuka wa kuchoma, nakula namshukuru, nafika dukani, na pembeni ya duka langu kuna mama ntilie ambaye ugali wake wa muhogo ukimwagiwa mchuzi wa mgebuka wa mawese, jamani, vidole vinabaki vyekundu mpaka alasiri. Nakula sahani nzima. Tena siku niliyotembea sana naongeza maandazi, maana nilijiona nimestahili. Nilikuwa najilipa kwa kila hatua.

Jumamosi ya tatu nikajizungushia futi, kutazama: arobaini na saba na nusu. Yaani nimetembea wiki mbili, nimechubuka vidole, kiuno kimeongezeka! Na wenzangu wote wanasubiri, Nesi kalamu mkononi. Nikavuta pumzi, tumbo likaingia ndani, nikakaza futi, nikasema, "Arobaini na sita na nusu." Inchi moja tu. Nikajiambia wiki ijayo nitairudisha, kama mtu anavyochota sukari ya jirani.

Watu wakapiga makofi. Hapo ndipo nilipopotea.

Maana mkishapigiwa makofi nyie mngefanyaje? Wiki iliyofuata nisingeweza kurudi arobaini na saba na nusu, ingekuwa aibu, nikasema arobaini na sita. Ikafuata arobaini na tano na nusu. Nusu inchi, nusu inchi, kwa adabu, sikuwa na tamaa. Kwenye daftari la Nesi Tabitha nikawa ndiye mwanafunzi bora. Wakaanza kuniuliza, "Fundi, siri ni nini?" Na mimi badala ya kujibu Mungu tu jamani, nikashika kiuno (hicho hicho) nikasema, "Siri ni kutembea. Mimi chakula sijapunguza, nakula kama kawaida yangu. Ugali, mawese, maandazi. Miguu ndiyo dawa."

Yohana alikuwa amesimama karibu. Yeye ndiye aliyekuwa akifuata kila kitu, ngumi ya ugali kweli kweli, chai bila sukari, na kiuno chake kilikuwa kimeanza kushuka, kwa ukweli, kwa futi yangu mwenyewe, arobaini na sita mpaka arobaini na nne na nusu. Akaniuliza taratibu, "Kweli, Maulidi? Unakula kama kawaida?"

"Kweli."

"Hata mawese?"

"Hata mawese."

Akatabasamu kama mtu aliyefunguliwa kamba. Wiki hiyo hiyo nikamwona kwa mama ntilie wetu, amekaa na sinia, akanipungia mkono. Na kuanzia hapo kila Jumamosi nikimpima namba inapanda. Arobaini na tano. Arobaini na tano na nusu. Arobaini na sita na robo. Za kwake nilikuwa nasoma kweli, eti hapo ndipo uaminifu wangu wote ulipokuwa. Akawa anatikisa kichwa anasema, "Wewe unashuka, mimi napanda, chakula kile kile. Labda mwili wangu una kasoro." Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Tembea zaidi."

Ikabaki wiki moja miezi mitatu itimie. Sifa zangu zikawa zimefika Mwandiga, kuna kikundi kama chetu kule, wakaomba waje Jumamosi watutembelee, tutembee pamoja mpaka ziwani na waelezwe siri na yule fundi aliyepungua inchi tano. Kikundi chetu kikafurahi kikaamua kushona sare. Suruali za kaki ya bluu. Mimi nikashauri haraka haraka kiunoni tutie mpira, mpira ni mzuri kwa mazoezi, unavutika. Nesi Tabitha akasema, "Hapana, Fundi. Mpira unawadanganya. Nataka kifungo na zipu, mtu akinenepa suruali yenyewe imwambie."

Watu wakacheka wakasema kweli. Na mimi nikacheka.

Kazi ikaja kwetu. Sasa mjue vipimo havikuchukuliwa upya, vya nini, si vipo kwenye daftari? Mama Shani akaazima daftari la Nesi, akaliweka mezani, akawa anasoma namba anakata, anasoma anakata, vipande anavifunga na jina la mtu juu yake ananipa nishone. Nilishona siku tatu mfululizo. Jumatano mchana nikafikia furushi la mwisho, limeandikwa Fundi. Nikalifungua, nikatazama kile kiuno, nikakipima kwa futi. Arobaini na mbili. Tena amekata nyembamba, hakuacha mkunjo hata wa kupitisha ukucha.

"Mama Shani," nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "kuna kaki iliyobaki?"

"Imekwisha. Jora lilitosha kamili."

"Hata kipande?"

"Cha nini?"

Nikasema, "Nilitaka kushona kofia." Akanitazama, akasema kofia hazimo kwenye sare, akaendelea kukunja nguo za watu.

Kununua nyingine? Bluu ile ilikuwa imekwisha mjini, tulichukua ya mwisho. Kusema ukweli? Ningeanzia wapi? Nikaona njia iliyobaki ni mimi kuingia kwenye suruali, basi, siku zipo mbili na nusu. Nikafunga. Siyo funga ya kidini yenye futari, hapana, funga ya mjinga: kuanzia Alhamisi asubuhi sikutia kitu mdomoni ila maji na chai kavu, chakula cha Mama Shani nikawa nasema nitakula dukani, cha dukani nikawa nakinusa tu. Mtu aliyekataa kupunguza ugali kidogo kidogo kwa miezi mitatu, sasa anataka kuumaliza mwili kwa siku mbili. Na kwa sababu mimi ni fundi, nikaimarisha suruali yangu: nikapiga mshono mara mbili pembeni, na kile kifungo cha kiuno nikakishonea uzi wa nyavu, ule wanaoshonea nyavu za dagaa, kwamba hata nikipiga chafya hakitoki.

Jumamosi asubuhi nikaivaa nikiwa nimelala chali kitandani. Pumzi nikaitoa yote, nikavuta, nikavuta, kifungo kikaingia. Kusimama nikasimama mzima mzima kama nguzo, maana kukunja sikuweza. Mama Shani alikuwa mlangoni anafunga kanga.

"Umependeza," akasema.

"Asante."

"Unaweza kukaa?"

"Sina haja ya kukaa. Tunakwenda kutembea."

Wageni wa Mwandiga walikuwa wameshafika, watu wapata kumi na tano, wamechangamka, wanasalimu kwa Kiha, "Mwakeye, mwakeye," mikono inashikana, kila mmoja ananitafuta mimi kwa macho kuanzia kiunoni. Nikaonyeshwa. Mzee mmoja wao akanizunguka kama anayenunua ng'ombe, akasema mbona kwa kutazama bado yuko mnene? Mwenzake akamjibu, "Ulikuwa hujamwona zamani."

Tukaanza safari. Njia ya kwenda ziwani kwa Ujiji yetu siyo ya kupita kimya, kila mlango una mtu na kila mtu ana salamu, na bibi akikaa barazani huwezi kumrushia shikamoo kwa juu, unainama kidogo, mkono unampa kwa heshima. Bibi Asumini, aliyemzalisha mama yangu, akanyoosha mkono wake. Mimi nikasimama wima. Nikasema "Shikamoo bibi" nikitazama paa. Mkono wake ukabaki hewani, haufiki kwangu wala wangu haufiki kwake.

"Marahaba," akasema. Halafu akawaambia waliokuwa nyuma yangu, "Huyu kupungua kumempa kiburi."

Nikaendelea. Jua likaanza kuwa kali, tumbo halina kitu, kiuno kimekabwa, pumzi nazipata nusu nusu, na masikio yanaimba. Yohana akaja akatembea pembeni yangu, mkono ameuweka begani kwangu, siyo kwa mapenzi tu, kwa sababu njia ile ina mashimo na siku hizi hayaoni vizuri. Akaniambia, "Jumatatu tunapimwa damu. Nimeamua niwasikilize leo ukiwafundisha hawa, labda kuna kitu sikukielewa." Nilikuwa nahesabu pumzi.

Pale ufukweni wanawake walikuwa wameshaanika dagaa, nyingine kwenye vichanja, nyingine chini juu ya nyavu, mchanga wote umeng'aa. Tukachukua sehemu iliyo wazi pembeni yao. Nesi Tabitha akaniita mbele. Nikatoa hotuba, fupi, kwa sababu ya pumzi. Nikasema kutembea, kutembea, kutembea. Makofi. Nikadhani yamekwisha, nikaanza kurudi nyuma polepole, Nesi akasema, "Usiende, Fundi. Tuongoze na zoezi. Tuanze na kuinama, tuguse vidole vya miguu."

"Mimi nimeshaongea, labda mwenzangu mwingine..."

"Fundi! Fundi! Fundi!" Hao ni wageni wa Mwandiga, wanapiga makofi kwa mpigo.

Nikajiambia nitainama robo. Nani ataona? Nikainua mikono juu, nikaanza kuishusha mbele, robo ikapita, mwili ukiwa mzito ukishaanza kwenda mbele haukuulizi. Nikaona ziwa limekuwa jeusi na nyota mchana. Halafu nikasikia mlio, na mimi mlio huo naujua, nimeusikia kazini maisha yangu yote, trrrrr, kaki inachanika, siyo kwenye kifungo (kifungo kile kipo mpaka leo), ni nyuma, kuanzia chini ya mkanda mpaka karibu na goti. Nikatafuta mguu wa kujizuia nisiupate. Nikaenda, nikaenda, nikaanguka kifudifudi katikati ya dagaa wa watu.

"Mawe we, mama yangu! Dagaa zangu!" mwenyewe akapiga kelele. Kunguru wakaruka. Na wale wageni, Mungu awabariki, watatu wao walidhani ndivyo zoezi lilivyo, na wao wakainama wakaendelea mpaka wakalala kwenye mchanga.

Sikuzimia kabisa, natamani ningezimia. Nilisikia kila kitu. Mama Shani akavua kanga yake ya juu akanifunika nyuma. Nesi Tabitha akanigeuza, akainua miguu yangu, akataka kulegeza kiuno, kifungo hakifunguki, akavuta, hakifunguki. "Hiki kimeshonwa na nini?" Yule mwenye dagaa akaleta kisu chake akakata uzi huku akilaani. Pumzi ikaingia yote kwa mara moja, raha ya ajabu. Nesi akatoa kile kimashine chake, akanitoboa kidole pale pale mchangani, akatazama, akakunja uso.

"Umekula nini leo?"

"Sijala."

"Jana?"

"Sijala tangu Alhamisi."

"Hujala siku mbili, na sukari yako bado iko juu." Akachukua begi lake akatoa daftari. "Na kiuno umepungua inchi tano. Hapa kuna kitu hakiendi sawa, Fundi. Mama Shani, hebu mpime."

Futi ilikuwa bado shingoni mwangu, imejaa magamba ya dagaa. Mama Shani akaivua, akanizungushia kiunoni juu ya kanga, hakuvuta wala hakulegeza, mkono wake ulikuwa mkono wa kazini. Vikundi viwili vimetuzunguka, na waanika dagaa nao.

"Arobaini na nane."

Nesi Tabitha akaweka kidole kwenye mstari wangu. "Hapa imeandikwa arobaini na mbili."

Kicheko kilianza nyuma, kikaja mbele, kikanipitia. Sikuwalaumu, hata mimi ningecheka. Mzee wa Mwandiga akasema, "Nilisema mimi." Mwenye dagaa alicheka mpaka akakaa chini. Mtu mmoja tu hakucheka, na ndiye niliyekuwa namtazama. Yohana alikuwa amesogea karibu sana, kama anavyofanya siku hizi ili aone, ameinama juu yangu.

"Kwa hiyo mwili wangu haukuwa na kasoro," akasema.

Akageuka, akaondoka kuelekea kwenye boti zake, anapapasa kamba za nanga kwa mguu kabla ya kuzivuka.

Nikarudi nyumbani nimevaa kanga ya mke wangu, njia ile ile, milango ile ile. Sitaisimulia hiyo sehemu. Nyumbani Mama Shani akanipa uji mwepesi, akakaa akinitazama ninavyokunywa. Nikamuuliza, "Ulijua?"

"Nalala na wewe miaka ishirini na mbili, nisijue kiuno chako?"

"Na ukakata arobaini na mbili."

"Nilikata kilichoandikwa. Aliyeandikisha ni wewe."

Nikapandwa na hasira, maana mtu aliyeumbuka hutafuta wa kugombana naye. Nikasema mke gani anamwacha mumewe aaibike mbele ya Ujiji na Mwandiga, si angeniambia tu kwa mdomo! Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Ningekwambia ungebishana na mimi mpaka Jumatatu. Suruali huwezi kubishana nayo. Nilidhani utashindwa kuivaa hapa hapa chumbani, utaniita, tutayazungumza. Sikujua utafunga kula." Akaichukua ile futi, akaikunja. "Baba Shani, nguo moja tu ndiyo haina kipimo cha kiuno. Ni sanda. Sitaki kukukatia hiyo."

Nikaweka bakuli chini. Uji ukapoa.

Jumatatu tukapimwa. Sukari yangu imepanda kuliko siku ya kwanza, nikaanzishiwa vidonge, na ni haki yangu. Nesi Tabitha hakunisema sana, alichosema ni kwamba yeye hakunitaka niwe bora, alitaka niwe mzima. Ya Yohana ilikuwa juu pia. Wiki za mwanzo alizokula vizuri ilikuwa imeanza kushuka, Nesi alimpima katikati pale akaona, halafu ikapanda tena. Akaandikiwa barua ya kwenda kuonana na daktari wa macho.

Siku tatu nilijificha dukani. Ya nne nikamfuata ufukweni. Alikuwa anapigilia ubao, anautafuta msumari kwa kidole kwanza, anaupapasa, ndipo anapiga nyundo. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nimeyashona vizuri njia nzima, nilipofika yakatawanyika. Nikasema tu, "Yohana, nilisema uongo. Nisamehe."

Hakuniangalia. "Jicho la kushoto daktari anasema huenda likabaki hivi hivi. La kulia bado lina nafasi."

Nikasimama pale. Nililia, nasema kweli, mtu mzima na ndevu zangu. Yeye akapiga misumari miwili mitatu mingine. Halafu akaweka nyundo chini, akainua mikono yake pembeni, kama anavyofanya kila Jumamosi.

"Nipime."

"Sasa hivi?"

"Futi unayo, si unayo? Nipime. Unadhani kwa nini nilikuwa nakuja kwako? Namba za hiyo futi tangu zamani sizioni, Maulidi. Nasikia wewe unachosema, ndicho ninachokijua."

Nikamzungushia futi. Nikasoma mara mbili kabla ya kufungua mdomo. "Arobaini na sita na nusu."

"Kweli?"

"Kweli."

"Haya. Na wewe jipime, useme."

Nikajipima, bila kuvuta tumbo, wavuvi wanatazama. "Arobaini na nane."

"Haya," akasema, akaokota nyundo.

Ni miezi mingi sasa. Mchana nafunga duka nakwenda kula kule kwenye boti, Mama Shani anatufungia chakula cha watu wawili, ngumi mbili za ugali, matembele mengi, samaki wa kuchoma, na mawese yapo, kijiko kimoja, hatukuyafukuza. Tukimaliza tunatembea, mkono wake begani kwangu, mimi namwambia hapa kuna shimo, hapa kuna kamba. Yeye yuko arobaini na nne. Mimi arobaini na sita na robo, na robo hiyo naitaja. Kila Jumamosi anainua mikono anageuza uso pembeni, anasubiri nisome. Sitataja tena namba ambayo futi haijaisema, hata nusu inchi, hata kwa utani, maana kuna mtu hapa haoni, na ananiamini.